Kuanika

Siku ya kwanza niliingia ukumbini nikiwa na bomba refu la plastiki begani, na ndani yake mchoro uliokwisha kukamilika. Ramani ya mtaa, mita nne kwa mbili, imechorwa kwa wino kwenye karatasi nene, mistari imetulia, herufi zimekaa sawa. Niliishughulikia miezi miwili nyumbani kwangu, kwa kutazama picha za setilaiti, kabla sijamjua hata mkazi mmoja wa mtaa huo. Hapa na pale niliacha nafasi nyeupe ili wenyeji "washiriki". Nilijisifu sana kwa zile nafasi nyeupe. Leo nikizikumbuka naziona zilivyokuwa: visanduku vya fomu.

Residensi yenyewe ilikuwa ya wiki nane. Kwa asiyewahi kukutana na neno hilo, ni mpango wa kumpa msanii mahali pa kukaa, muda, na fedha kidogo, afanye kazi yake bila kuvutwa shati na shughuli za kila siku. Zipo residensi za kujificha, kama MacDowell kule New Hampshire, Marekani, iliyoanza mwaka 1907, ambako msanii hupewa kibanda chake msituni akaachwa na kimya. Na zipo za namna ya pili, ambazo msanii huwekwa katikati ya watu, na kazi inatarajiwa itoke baina yake na wao. Yangu ilikuwa ya namna ya pili. Niliiomba kwa akili ya namna ya kwanza.

Sehemu ya lawama naibebesha fomu ya maombi. Kulikuwa na kipengele cha "matokeo yanayotarajiwa", na chini yake "matokeo hayo yatapimwaje". Unatakiwa ujue mwanzoni kile ambacho umeomba wiki nane ili ukitafute. Nikajaza, kama tunavyojaza sote. Huwezi kuuita uongo. Ni ahadi anayoitoa mtu ambaye bado hajui anamwahidi nani.

Mwaka 1966 huko London, Barbara Steveni na John Latham, pamoja na wenzao, walianzisha Artist Placement Group, kikundi kilichowapeleka wasanii kwenye viwanda na makampuni, na baadaye kwenye idara za serikali. Walipigania jambo moja ambalo mpaka leo linaonekana la kichaa kwa mtu wa bajeti: mkataba wa wazi. Msanii anaingia, anakaa, anaangalia, na halazimiki kutoa kazi yoyote mwishoni. Walisema mazingira ni nusu ya kazi. Nilikuwa nikiijua kauli hiyo tangu nikiwa mwanafunzi, na nimewahi kuitamka mbele ya watu kwa sauti ya mtu mwenye hekima, kisha nikafika kwenye mazingira yenyewe na mchoro umeviringishwa ndani ya bomba.

Siku ya tatu niliutandaza mezani. Watu walikuja kuuona. "Mzuri sana," walisema, kwa ile sauti anayopewa mgeni. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ujenzi aliinama, akapitisha kidole kwenye njia niliyoichora nyuma ya ukumbi, akasimama katikati.

"Hapa pana ukuta."

"Kwenye picha hapana."

"Picha haijapigwa kichwa na ukuta huu," alisema. Watoto wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yananiwaka. Jioni ile niliugeuza mchoro upande wa nyuma, nikaufanya kitandiko cha meza ya kazi. Ulibaki hapo mpaka mwisho, ukikusanya madoa.

Kuna kisa cha msanii Rick Lowe wa Houston. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akitengeneza kazi kubwa kuhusu taabu za jamii yake. Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyetembelea studio akamwambia kwamba kazi zile zinaonyesha mambo wanayoyajua tayari. Kama kweli ni mbunifu, mbona habuni suluhisho? Lowe alilichukua neno lile kwa uzito, na mwaka 1993, yeye na wenzake wakaanzisha Project Row Houses katika nyumba 22 ndogo zilizokuwa zimeachwa mahame. Mzee wangu hakuniomba suluhisho la lolote. Aliniomba tu niangalie kabla ya kuchora.

Basi nikakaa. Wiki ya kwanza yote, na nusu ya pili, sikutengeneza kitu. Nilipanga viti kabla ya mikutano na kuvipangua baadaye. Nilifagia ua. Nilijua nani hufika mapema na nani hufika ili aonekane amefika. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu mtu aliyezoea kujipima kwa kilichoko mezani, meza ikiwa tupu, hujiona naye ni mtupu. Usiku nilikuwa nikichora vitu vya ovyo, vikombe na miguu ya meza, ili mkono tu usilalamike.

Chumba cha nyuma ya ukumbi alikitumia mama mmoja, fundi wa kushona, mtu mzima ambaye wote walimwita Bibi Fundi. Cherehani yake ya miguu ilikuwa ndiyo saa ya jengo: ikinyamaza, ujue jioni imeingia. Siku moja aliniuliza bila kuinua macho.

"Umekuja kutufundisha nini?"

"Sijaja kufundisha, Bibi."

"Basi umekuja kujifunza."

"Si hivyo hasa."

Akainua mguu kwenye kanyagio. "Sasa umekuja kufanya nini, mwanangu?"

Nikamtolea hotuba: ushirikishwaji, mchakato, kumbukumbu ya pamoja. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikaishiwa, kisha akaendelea kushona. Nilitoka mle nikijua kwamba nimetoa jibu ambalo hata mimi lisingenifanya nije.

Nilichokuwa nacho, ukiacha hotuba, ni mbinu. Mkobani nilikuwa na chupa mbili za kemikali nilizozibeba kwa ajili ya majaribio yangu binafsi. Ni za uchapaji wa buluu kwa jua, ule ambao mafundi wa picha wanauita sayanotaipu. Niliuchagua kwa sababu moja ya kivivu na moja ya maana. Ya kivivu: ukumbi ulikuwa na stoo isiyo na dirisha na ua wenye jua, na zaidi ya hapo mbinu hii haihitaji karibu chochote. Ya maana: watu wengi wakisikia neno sanaa, sentensi ya kwanza kinywani ni "mimi sijui kuchora". Na hapa hakuna anayechora. Kitu kinalazwa juu ya kitambaa, jua linapiga, na kivuli chake kinabaki.

Nieleze inavyofanyika, maana humo ndimo raha ilimo. Unayeyusha gramu 25 za feri amonia sitrati, aina ya kijani, katika mililita 100 za maji. Chombo kingine, gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Unachanganya kiasi sawa cha kila kimoja, pale tu unapotaka kutumia. Kitambaa kiwe pamba, na kiwe kimefuliwa kwanza ili wanga wa kiwandani utoke, la sivyo dawa itashika kwa madoa madoa. Unapaka kwa brashi kwenye mwanga hafifu, unakiacha kikauke gizani. Kikikauka kina rangi ya manjano iliyoingiwa na kijani, rangi mbaya kwa kweli, haimpi mtu matumaini. Unakitoa nje, unalaza kitu chako juu, unasubiri. Mwali wa urujuani, ule ambao jicho halioni, unakibadili chuma kilichomo kwenye dawa, na palipopigwa jua panageuka kijivu kama shaba iliyochoka. Kisha unakitumbukiza majini. Dawa ambayo haikuguswa na jua inaondoka na maji, pale palipokuwa na kivuli panakuwa peupe, na kote kwingine buluu inapanda mbele ya macho yako, na kuendelea kukolea hata kesho yake, kadiri hewa inavyoifikia. Nimefanya hivi mara nyingi sana maishani na bado sijaweza kugeuza macho wakati wa kuosha.

Aliyeigundua njia hii ni John Herschel, mwanasayansi Mwingereza, mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kuitumia kuweka kumbukumbu za mwani wa baharini, akiulaza mmea wenyewe juu ya karatasi, bila kamera. Na kwa miongo mingi wahandisi walinakili michoro yao kwa njia hiyo hiyo, mistari myeupe kwenye uwanja wa buluu. Mzee wa ujenzi alipoona kipande cha kwanza kikitoka majini alisema tu, "Aa, hii naijua," na tangu siku hiyo akawa mlinzi wa mlango wa stoo. Mtu hafungui bila kubisha.

Kabla sijafika mbali nilisimamishwa. Baba wa mtoto mmoja alisoma lebo ya chupa akaona herufi zinazofanana na sianidi. Alikuja amekunja uso, na alikuwa na haki. Nilimweleza kwamba katika dawa ile sianidi imefungwa kwa nguvu kwenye chuma na haifunguki kwa matumizi ya kawaida, lakini isichanganywe na asidi kali wala kuwekwa motoni. Nilipokuwa naeleza niliona kwamba mambo hayo nilipaswa kuyasema siku ya kwanza, ukutani, kwa herufi kubwa. Tukaandika: glavu, vyombo vya dawa vibaki vya dawa, hakuna kutia kitu kinywani kwenye meza hii, mtu mzima ndiye anayechanganya. Yule baba aliandika yeye mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Watoto ndio walioipa kazi jina. "Leo tunaanika?" waliuliza wakitoka shule, kwa sababu walichokiona ni watu wanaopeleka vitambaa juani. Jina likashika. Mimi nililipenda kabla sijafikiria upande wake wa pili. Nguo huanikwa, na siri huanikwa. Upande huo wa pili ulinifikia wiki ya saba.

Mbinu, hata hivyo, si kazi. Watu walikuja, wakauliza waweke nini, na hapo ndipo nilipojua kwamba sina swali. Wiki ya tatu, kwa mfano wa Atkins, niliwaambia walete majani na maua. Wakaleta. Vipande vilitoka vizuri, vyote vizuri kwa namna moja, ungeweza kuvichapisha popote duniani na mtu asijue tofauti. Nikabadili: mtaa huu una maana gani kwako? Ah. Ukimuuliza mtu swali hilo anasimama wima na kukuhutubia. Nilipata amani, umoja na ushirikiano, na vitu vya kuviwakilisha, mikono iliyoshikana iliyokatwa kwenye karatasi. Nikabadili tena: leteni kitu mnachokipenda. Wakaleta vilivyo bora: kikombe cha ushindi, simu mpya, kiatu cha sherehe. Vitu vya kuonyeshwa. Kivuli cha simu ni mstatili.

Swali lililofanya kazi silidai kuwa ni langu. Nilikuwa nimekaa na Bibi Fundi nikiangalia kopo lake la vifungo, nikamuuliza kuhusu kifungo kimoja kikubwa chekundu ambacho hakikufanana na kingine chochote. "Hicho sikitumii," alisema. "Ila kukitupa sijakitupa." Akaendelea na mshono. Nikaenda ukumbini nikaandika ubaoni: *Lete kitu ambacho hukitumii tena, ila hujakitupa.*

Hapo mambo yakageuka. Zilikuja funguo za nyumba ambazo watu walihama. Ilikuja miwani yenye jicho moja, mkanda wa saa bila saa, gongo la kutembelea la mtu aliyepona, daftari la hesabu la duka lililofungwa, meno ya bandia (ndiyo, na mwenyewe alicheka kuliko sisi sote). Mtu hakuhitaji kujieleza. Swali lilikuwa dogo kiasi cha kuingia mfukoni, na kila mtu alikuwa nalo jibu nyumbani, kwenye droo. Nimefikiri sana kwa nini lile lilishika na mengine hayakushika. Nadhani ni kwa sababu halikumwomba mtu maoni. Lilimwomba aende akatafute.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa sawa. Nilichofanya ni kurukia kosa la upande wa pili. Nilikuwa nimeaibika kwa ramani yangu, na aibu ilinifanya niwe mpole kupita kiasi. Kila kipande kilichotoka majini nilisema kizuri. Kilichoungua kizuri, kilichopauka kizuri, kilichopakwa dawa nusu nusu kina "hisia zake". Kufikia wiki ya tano kamba za uani zilikuwa na vipande zaidi ya 100, na mimi nikapita katikati yake nikitabasamu kama mwenye hoteli. Nani mimi hata nichague? Hii ni kazi ya jamii.

Bibi Fundi, ambaye tulikuwa tumekubaliana ataviunga vipande viwe kitambaa kimoja kikubwa, alishika viwili.

"Hiki kizuri?"

"Kizuri, Bibi."

"Na hiki?"

"Nacho kizuri."

"Hiki kimeungua. Mwenyewe anajua kimeungua, nilimwona alivyokiangalia. Akaja kwako ukamwambia kizuri." Akaviweka chini. "Sasa uzuri wako hauna kazi. Mteja akiniletea kitambaa kibovu namwambia. Wewe ndiye fundi hapa, mbona unatuogopa?"

Nilijitetea kidogo, kisha nikaacha. Alikuwa ameona sawasawa. Ile iliyojiita heshima ilikuwa dharau iliyovaa nguo safi: nilikuwa nimeamua, bila kuwauliza, kwamba watu hawa hawawezi kuvumilia kuambiwa ukweli ambao mimi na wasanii wenzangu tunaambiana kila siku. Studio yoyote ya maana ina mtu anayesema "bado". Wao nimewanyima mtu huyo.

Jumamosi iliyofuata tulivitandaza vyote sakafuni. Nikapita na kusema kwa sauti nilichokuwa nikikiona, na kwa nini. Hiki jua limezidi, mistari myembamba imemezwa. Hiki hakikukaa nje vya kutosha, ndiyo maana buluu imeondoka na maji. Angalieni miwani hii: kwa kuwa haikulala bapa, pale fremu inapogusa kitambaa pamekatika kwa ukali, na pale inapoinuka ukingo unakuwa laini, unayeyuka. Huo ulaini ndio unaokuambia kwamba kitu kilikuwa na kimo. Mzee wa ujenzi akapinga kuhusu kipande kimoja nilichokitoa. Tukabishana. Alishinda, kipande kikarudi. Kijana mmoja akatoa cha kwake mwenyewe kabla sijakifikia. "Nitarudia," alisema.

Kilichonishangaza ni jinsi watu walivyochangamka. Sio wote, wawili hawakurudi, na mmoja wao nilimfuata nikamwomba radhi kwa namna nilivyosema, si kwa nilichosema. Lakini waliobaki walianza kurudia. Mwanamume wa funguo alirudia mara saba. Mara ya kwanza alizirundika, zikawa doa jeupe lisilo na sura. Akazipanga moja moja kwa safu, zikawa orodha ya bohari. Akazifunga na kamba yake, akazitandaza kama feni, akabaki na moja tu. Mara ya sita alikaribia kukata tamaa, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia "bado" hadi neno likaanza kuninyima raha. Ya saba alisimama, akaziachia kutoka kimo cha goti, zikaanguka kitambaani zilivyotaka, naye hakuzigusa tena. Wote tulinyamaza kidogo. Kile ndicho kipande ninachokiona nikifumba macho. Funguo zimetupwa, kama zilivyo mezani baada ya mtu kuingia nyumbani kwake.

Nilipokuwa na akili ya ramani, nilikuwa nimechagua kila kitu kabla ya kufika. Nilipokuwa mpole, sikuchagua chochote. Njia niliyoishia nayo ni kuchagua mbele za watu, kwa sababu zinazosemeka, na kukubali kushindwa hoja. Inachosha. Inachukua muda mara tatu. Na bado haikuniepusha na wiki ya saba.

Mama mmoja alileta utepe wa mkononi wa hospitali, mdogo, wa mtoto mchanga. Hakusema zaidi na sikuuliza. Kivuli chake kilitoka kama duara lisilofunga, jembamba, peke yake katikati ya buluu. Kilikuwa miongoni mwa vipande bora tulivyokuwa navyo na nilikiweka karibu na kitovu cha kitambaa. Tulipokitundika kwa majaribio mtu akauliza, kwa utani wa kawaida, hiyo pete ya nani. Watu wakacheka wakaendelea. Asubuhi yake yule mama alikuwa mlangoni kabla ya cherehani kuanza. Alitaka chake kitoke.

Nilimwambia hakuna atakayejua ni nini. "Mimi najua," alisema. Basi likaisha.

Hapa nikiri. Wazo lililonijia, na lilinijia haraka, lilikuwa kukitoa kipande na kuacha tundu. Nafasi tupu, katikati, inayoongea kwa kutokuwepo. Niliona tayari jinsi itakavyopendeza. Nikamweleza Bibi Fundi huku nikichora hewani kwa mikono. Aliningoja nimalize.

"Ukiacha tundu, kila atakayeingia atauliza hapa palikuwa na nini. Umemtoa mara moja, unamwanika kila siku."

Sikuwa na jibu. Tundu lilikuwa zuri kwangu tu. Tulifumua safu nzima, tukasogeza kila kipande nafasi moja, na tukajaza mwishoni kwa kile cha kifungo chekundu ambacho awali kilikosa nafasi. Ilichukua kutwa. Ukikitazama kitambaa leo huwezi kujua, na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Mimi ninayejua huwa naona kwamba safu ile imebana kidogo kuliko nyingine. Jicho langu la kisanii, lile nililokuwa nimelipigania wiki mbili nzima, lilitakiwa siku ile likae kimya, na nisingalijua bila kuambiwa. Sina kanuni ya kulitambua jambo hilo mapema. Wengine wakiwa nayo waniandikie.

Mwisho wa residensi ni makaratasi. Ripoti ilitaka idadi ya wanufaika. Kila nikikutana na kisanduku hicho namkumbuka Mierle Laderman Ukeles, aliyejiunga na idara ya usafi ya jiji la New York mwaka 1977 kama msanii mkaazi, bila mshahara. Kuanzia 1979 hadi 1980 alizunguka jiji akiwapa mkono wafanyakazi wa taka, 8,500, mmoja mmoja, akimshukuru kila mmoja kwa kuliweka jiji hai. Hiyo ni idadi ambayo kila tarakimu yake ina kiganja. Mimi niliandika 63, kisha nikakwama: Bibi Fundi ananufaika na nini, ambacho mimi sikunufaika nacho zaidi? Nikamwandika kama msanii mwenza. Ripoti ikarudi: hakuna fungu la msanii mwenza. Bajeti ilikuwa na fungu la vifaa, na humo ndimo tulimolipia kazi yake. Kwa hiyo kwenye hesabu za mradi, hadi leo, yeye ni uzi. Kwenye kibao kilichoko ukutani, ambacho hakikupita ofisi yoyote, jina lake ni la kwanza.

Kitambaa kilibaki ukumbini. Yale maswali yanayoambatana na kazi za namna hii, mali ya nani, kitatunzwa vipi, tuliyazungumza jioni moja tu, harakaharaka, na nilikosea. Niliwaambia wasikifue kwa sabuni yenye magadi, maana alkali inaila buluu hii. Nilisahau kuwaambia kuhusu jua.

Miezi michache baadaye Bibi Fundi alinipigia simu.

"Imepauka."

Walikuwa wamekitundika mkabala na madirisha, mahali pa heshima, ambapo kila anayeingia atakiona. Nilimweleza kwamba buluu hii hupauka kwa mwanga, lakini ina tabia moja ya ajabu: ukiiweka gizani, penye hewa, hurudi yenyewe taratibu. Wakifunike kwa siku kadhaa stoo.

"Jua liliipiga ikatokea, jua likaipiga ikapotea," alisema, kwa sauti ya mtu anayekagua bidhaa aliyouziwa. "Na wewe hili ulilijua?"

"Nililijua."

"Ungesema tangu mwanzo. Tungeitundika upande wa pili."

Kitambaa kilikaa stoo, mzee wa ujenzi akilinda mlango, na buluu ikarudi. Sasa kiko ukuta wa pili, ule wa kivulini, ambako ndiko wanakopanga viti wakati wa mikutano. Nimetumiwa picha. Migongo ya viti inaegemea safu ya chini, na pembe moja imeanza kusagika. Nilipotaja hilo kwenye simu, Bibi Fundi alikuwa ameshaliona. Amekiongezea pindo la pili, nene, na hakuniuliza rangi.